Kamera ya Kuibia Kicheko

Muuzaji aliziweka kamera mbili juu ya kioo cha kaunta, kubwa na ndogo, akatuambia tuziangalie bila haraka. Kaka yangu akaidaka ile kubwa kabla mtu hajamaliza kumkaribisha. Ndivyo alivyo tangu utotoni. Ukimwekea vitu viwili mbele yake, mkono unakwenda kwenye kikubwa, akili inafuata nyuma ikihema.

"Hii," akasema.

"Hujaiangalia hata hiyo nyingine."

"Nyingine ipi? Hicho kiberiti?"

Ilikuwa saa nane mchana. Saa kumi na mbili jioni mama alitakiwa awe ameripoti wodini, na kesho yake asubuhi daktari angempasua chini ya sikio la kushoto autoe uvimbe. Uvimbe wenyewe, kwa maelezo ya daktari, haukuwa wa kutisha sana. Kilichotisha ni mahali ulipokaa. Ulikuwa umeuzunguka mshipa wa fahamu unaoendesha upande ule wa uso, na kuutoa uvimbe bila kuukata mshipa haikuwezekana. "Ataishi," daktari alituambia, "ila upande huu utalala." Akajigusa shavu lake mwenyewe, kana kwamba sisi hatujui shavu liko wapi. Jicho litafumba kwa shida, alisema, na mdomo utavutika kwenda upande mmoja. Nikamuuliza kuhusu kucheka. Akasema atacheka, lakini si kama sasa.

Hilo ndilo lililonikaba. Mama yangu akicheka, shavu la kushoto linaingia ndani, jicho la upande huo linatangulia kufumba, kisha kichwa chote kinakwenda nyuma kama mtu aliyesukumwa kifuani. Hakuna mwingine anayecheka hivyo. Kesho saa kama hizi kicheko hicho kingekuwa kimetoweka, na sisi hatukuwa nacho kwenye picha hata moja.

Utashangaa, maana baba alikuwa mpiga picha. Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, na mama ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia. Yeye ndiye aliyekukalisha kwenye stuli, akakunyoosha kola, akakuinua kidevu kwa vidole viwili na kukwambia usicheke. Nusu ya mji huu imekalishwa na mama. Lakini miaka yote hiyo yeye alisimama nyuma ya taa. Ukimgeuzia kamera, uso ulikuwa unajifunga wenyewe: kidevu juu, midomo imebanwa, macho mbele, tayari kwa pasipoti saizi. Picha zake chache tulizokuwa nazo zote ziko hivyo, hata ya harusi. Ukizipanga pamoja utadhani zimepigwa siku moja na afisa mmoja mwenye kisirani.

Baba alipofariki, vifaa tuliviuza, na waliokuwa wakisafisha filamu nao wakafunga maduka yao. Simu zetu za wakati huo zilikuwa za kupigia na kutazamia saa. Kwa hiyo siku ile, mchana ule, tulikuwa mbele ya kaunta, mimi msusi na yeye fundi wa friji, watoto wa mpiga picha tusiojua chochote kuhusu kamera, na fedha ya kutosha kununua moja.

"Sikiliza," kaka alisema, akiigeuzageuza ile kubwa kama anayepima injini. "Chumba cha mama kina giza. Mwenyewe unakijua. Hii ina jicho kubwa, inakula mwanga wote. Muuzaji, si kweli?"

"Kweli kabisa," alisema muuzaji, kijana mwembamba mwenye miwani iliyotelemka puani. "Hii ndiyo yenyewe kwa mtu anayeanza. Lenzi unaifungua, unaweka nyingine. Ukibonyeza, imeshapiga. Haikusubirishi."

"Na hii ndogo?"

"Hii, dada, raha yake ni kubeba. Inaingia kwenye kiganja. Hata mlio wake unauzima. Ila bila flashi ndani ya nyumba inahangaika kidogo. Na ina uvivu."

"Uvivu gani?"

Akaniambia nimpige kaka. Nikamwambia kaka acheke. Kaka, ambaye ukimwambia acheke anacheka kama mtu anayeng'olewa jino, alitoa meno. Nikabonyeza. Kamera ikafikiri. Ikapiga. Tulipotazama kwenye kioo chake, kaka alikuwa ameshafunga mdomo na ananiangalia kwa dharau.

"Umeona?" akasema. "Kicheko kimeondoka, yenyewe ndiyo inafika. Tunanunua nini sasa, picha ya mama baada ya kucheka?"

Nilikasirika, na zaidi kwa sababu alikuwa na hoja. Mimi nilichokuwa nakijua ni kitu kimoja tu: mama akiiona kamera, kwisha. Kubwa ile ungeificha wapi? Ilikuwa kama birika. Ukiiinua usoni, hata kipofu angejikaza.

Muuzaji akatuonyesha njia. Kitufe cha ile ndogo hakibonyezwi moja kwa moja, alisema. Unakibonyeza nusu, unakishikilia hapo. Kamera inapima umbali, inapima mwanga, inajiweka tayari. Sasa inakungoja wewe. Ukimalizia kubonyeza, inapiga papo hapo. Nikajaribu. Nusu. Nikashikilia. Kaka akaanza kulalamika kuhusu muda, mdomo ukiwa wazi kabisa, nikamalizia. Mdomo wake ukabaki wazi ndani ya kioo.

"Basi," nikasema.

"Basi nini? Utakaa umeshikilia nusu mpaka lini? Mama anacheka kwa ratiba?"

"Nitakaa hata mpaka kesho."

"Kesho hakuna cha kupiga!"

Alisema kwa sauti, na mteja mmoja upande wa redio akageuka. Kaka, labda kwa kutaka kuwa na kitu cha kufanya na mikono yake, akainua ile kubwa, akamlenga muuzaji, akabonyeza.

*Kla-kap.*

Mlio ule ulinipita mgongoni. Ulikuwa mlio wa utotoni kwetu, wa chumba cha mbele, wa baba akisema "haya, mwingine." Kaka naye aliusikia hivyo hivyo, nilimwona. Mama angeusikia akiwa jikoni na bomba limefunguliwa. Angeusikia usingizini. Ungelia mara moja tu, na uso wake usingefunguka tena mpaka wodini.

Kaka akairudisha kamera kubwa kwenye kaunta taratibu sana.

"Ukikosa, ni juu yako," akaniambia.

"Ni juu yangu."

Alikubali shingo upande, akalipa. Muuzaji akatwambia betri ya ndani ya boksi inataka kuchajiwa kwanza, tulipomtolea macho akachomoa ile ya kamera ya maonyesho akaturushia. Ina nusu tu, alisema, msiiwasheiwashe ovyo. Akanizimia mlio na flashi. Nikaitia kamera ndani ya sidiria, mahali ninapoweka fedha za saluni, tukatoka.

Njiani kaka aliendesha gari lake la kazi kama amebeba mayai, na ndani ya gari hakuna aliyezungumza isipokuwa mabomba ya shaba yaliyokuwa yanagongana nyuma. Nilikuwa nafanya mazoezi ya nusu kitufe kwa kidole kitupu, juu ya goti. Tulipokaribia nyumbani akauliza, "Utamchekeshaje?"

"Mimi? Wewe ndiye wa kumchekesha."

"Mimi leo sina hata kichekesho kimoja kichwani."

"Jikaze kisabuni."

Tulimkuta mama chumba cha mbele, mkoba wa hospitali umeshafungwa zipu na kuwekwa mlangoni. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea na viatu vilivyofungwa kamba, kama mtu anayengoja kuitwa jina. Uvimbe ulionekana chini ya sikio, si mkubwa, kama karanga ambayo haijamenywa.

"Shikamoo, mama," tukasema.

"Marahaba. Mlikuwa wapi, mbona mnanukia duka?"

"Tulipita mahali," kaka akasema, na mimi nilitamani kumkanyaga mguu.

Chumba kile hakijawahi kusahau kwamba kilikuwa studio. Ukuta mmoja bado ni wa buluu ile ya picha za vitambulisho, na kwenye dari kuna ndoano za kuning'inizia taa. Dirisha kubwa ni moja tu. Na mama alikuwa amekaa pale anapokaa siku zote, kwenye kiti kilicholipa dirisha kisogo, mwanga wote ukimwagika nyuma yake na uso wake ukiwa kivulini. Kwa akili yake mwanga ni wa mteja. Hata alipobaki peke yake ndani ya nyumba hakuwahi kukaa upande ule mwingine. Kwa kamera ile ndogo, mama akiwa pale, ningepata kivuli chenye masikio.

Nilimwangalia kaka. Kaka aliniangalia. Nikainua nyusi kuelekea kwenye kochi, lile linalotazamana na dirisha.

"Mama," kaka akasema, "hamia pale kwenye kochi."

"Kwa nini?"

"Nasikia harufu ya waya. Hiyo soketi nyuma ya kiti chako. Acha niiangalie kabla hatujaondoka, isije ikaunguza nyumba haina mtu."

"Mimi sisikii harufu yoyote."

"Wewe si fundi, mama."

Mama alisonya, lakini alihama. Alikaa kwenye kochi, na mwanga wa alasiri ukamjaa usoni wote, kila kunyanzi, kila unywele mweupe, na shavu la kushoto likiwa zima, likitembea alipokuwa anaongea. Kwa mara ya kwanza nilimwona kama walivyokuwa wanaonekana wateja wake.

Nilivuta stuli nikakaa mbele yake, si karibu sana. Mtandio niliuweka mapajani, kamera chini yake, jicho lake likichungulia kwenye pindo. Nikabonyeza nusu. Nikashikilia.

Mama alianza kutoa maagizo. Mtungi wa gesi ufungwe chini, si juu tu. Funguo ya kabati iko ndani ya kikombe kilichovunjika mkono. Jirani akileta bakuli lake asipewe ile sahani ya maua, maana ya kwanza hajairudisha. Alikuwa anaongea kama anayesafiri kwenda kutembea, na mimi nilikuwa naitikia ndiyo mama, sawa mama, huku kidole kimekakamaa juu ya kitufe.

"Mama," kaka akasema kutoka nyuma ya kiti, akiwa amepiga magoti na bisibisi mkononi, "unamkumbuka yule bwana harusi aliyepiga chafya?"

"Namkumbuka."

"Kila baba akihesabu tatu, chafya."

"Nimesema namkumbuka. Ilikuwa ni mafua, masikini, yalimshika kabisa."

Kichekesho hicho kikafa hapo hapo, tukakizika bila matanga. Kaka akaleta kingine, cha fundi mwenzake aliyejifungia ndani ya friji la bucha. Mama akauliza kama alipata madhara. Niliona jasho kwenye shingo ya kaka. Nikakiachia kitufe, nikabonyeza nusu tena. Mwanga kwenye kochi ulikuwa unasogea, umeshaacha magoti yake. Kwenye kioo cha kamera, nilipochungulia chini ya mtandio, alama ya betri ilikuwa imegeuka nyekundu na inakonyeza.

"Una nini wewe?" mama akaniuliza. "Tumbo linakuuma?"

"Hapana mama."

"Umekaa kama unayesubiri zamu ya choo."

Nilitamani kulia. Nilitamani kumwambia cheka, nakuomba, cheka mara moja tu nikuweke, kesho watakukata. Badala yake nilisema niko sawa, kidole nusu, kidole nusu, na dakika zinakwenda.

Ndipo kaka, fundi wa friji wa miaka yote, aliyefungua soketi nzima isiyo na kasoro ili kumhamisha mama yake kiti, alipogusanisha alichogusanisha. Ukasikika mlio mdogo, *pa*, na cheche. Kaka akaruka, kichwa kikagonga chini ya kiti, kiti kikampindukia. Na kule jikoni friji la mama, ambalo yeye mwenyewe alilitengeneza na kulisifia kwa kila mgeni, likatoa mkoromo mrefu, likanyamaza.

Kaka akatoa kichwa katikati ya miguu ya kiti.

"Harufu imeisha?" mama akauliza.

Halafu akacheka. Alicheka yote, shavu likaingia ndani, jicho la kushoto likatangulia, kichwa kikaenda nyuma mpaka kwenye mto wa kochi. Alicheka mbavu hana. Nikamalizia kubonyeza.

Hapakuwa na mlio wowote. Nilichungulia chini ya mtandio, na alikuwa humo. Mzima. Mkali kama sindano, kila jino, kila kunyanzi la jicho. Furaha ilinipanda nusura nipige kelele. Kaka aliniona usoni, akajua, akaanza kujinyanyua akitabasamu kama mjinga, nywele zimejaa vumbi.

Mama akajifuta macho kwa kiganja.

"Haya," akasema. "Sasa nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Mwanangu. Hicho kitu kina taa ndogo nyekundu, kila ukikibonyeza inaniwakia kifuani. Nimeiona tangu ulipokaa. Nimeolewa na kamera maisha yangu yote, utanificha wapi? Lete."

Niliitoa. Aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza mbali kidogo na macho. Nilitegemea uso wake ujifunge kama kawaida. Haukujifunga. Aliangalia muda mrefu, mpaka kile kioo kikafifia, nikalazimika kukigusa ili kiwake tena.

"Kumbe ndiyo hivi," akasema polepole. "Baba yenu alikuwa ananiambia. Nilidhani ananibembeleza tu."

"Umependeza, mama," kaka akasema.

"Nimependeza, eh." Akanirudishia. "Sasa ifute."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Inafutika, si ndiyo? Hizi za kisasa wanasema zinafutika. Futa."

"Mama!" Kaka alisimama, bisibisi ikaanguka. "Unajua tumehangaika vipi? Unajua kesho..."

"Kesho ni uso wa nani?" mama akauliza, bila kupandisha sauti. "Wako?"

Kaka akainama kuiokota bisibisi.

"Nikirudi hapa nyumbani," mama akaendelea, "nikakaa hapa, mdomo umekwenda upande, mtakuwa mnamwangalia nani? Mimi au huyu? Mtamkuza, mtamtia fremu, mtamtundika ukutani. Kila mgeni ataingia, atamtazama yeye, kisha atanitazama mimi, kisha atainamisha macho kwenye kikombe chake. Nionewe huruma kwenye nyumba yangu, na uso wangu mwenyewe ndiyo unanisuta kutoka ukutani. Sitaki."

"Hatutaitundika," nikasema. "Tutaiweka tu."

"Mtaiweka, na mtakuwa mnakwenda kuichungulia. Nawajua, nimewazaa." Akavuta pumzi. "Picha mteja aliyoikataa, baba yenu alikuwa anaifanyaje?"

Tulijua wote. Alikuwa anaitoa filamu, anachukua mkasi, anaikata mbele ya macho ya mteja, hata kama ni picha bora kuliko zote alizopiga mwaka huo. Uso ni wa mwenyewe, alikuwa anasema. Mara nyingine jioni yote inayofuata hakuwa anazungumza na mtu.

Hasira ilinipanda. Sikumhurumia hata kidogo wakati ule, nakwambia ukweli. Nilimwona mchoyo.

"Na sisi je?" nikamwambia. "Sisi hatuna haki? Hicho kicheko ni chetu pia. Tumekulia ndani yake."

"Mna haki ya kuniangalia. Niangalieni. Si nipo?"

Chumba kilikuwa kimya kabisa, hata friji halikuwepo kutusaidia. Nilikuwa nimeishika kamera, dole gumba juu ya vitufe. Mama hakujua kipi ni kipi. Ningeweza kubonyeza chochote, kioo kingezimika, ningemwambia tayari. Kaka alinikazia macho na kutikisa kichwa kidogo, kidogo sana: *mdanganye*. Nilimwona. Na mama alikuwa hatuangalii hata mmoja wetu. Alikuwa ameangalia dirishani, akitusubiri, mikono mapajani, akiamini kwamba nitafanya alichosema. Afadhali angenisimamia.

Nikatafuta kitufe chenye alama ya pipa la taka. Kamera ikaniuliza kama nina uhakika. Hata yenyewe ilisita. Nikabonyeza.

"Tayari," nikasema.

"Ahsante," mama akasema, na sauti ilimkatika kidogo mwishoni.

Kaka alitoka nje bila kuaga, akaenda kuhangaika na swichi kubwa mpaka friji likaanza kunguruma tena. Njia nzima kwenda hospitali hakunisemesha. Mimi nilikaa nyuma na mama, na kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kufanya, nilimwangalia. Nilimwangalia hadi akaniambia niache, kwamba namtoboa. Alitabasamu aliposema hivyo, nikaushika mkono wake nikaubana mpaka tukafika.

Upasuaji ulikwenda kama daktari alivyosema, jema lote na baya lote. Waliutoa uvimbe, wakaukata mshipa.

Siku waliyomtoa bandeji kubwa na kumwachia ndogo, tulikwenda mimi na kaka wakati wa kutazama wagonjwa. Alikuwa amekaa kitandani, mito miwili mgongoni. Upande wa kushoto ulikuwa umelala kama nguo iliyoanguka msumarini. Jicho lilikuwa nusu wazi, na pembe ya mdomo ilikuwa chini, ina unyevu. Kaka alimwamkia, kisha haraka sana akaanza kupanga machungwa juu ya kabati, moja moja, kama anayejenga ukuta.

Nilimtazama mama, nikakitafuta kichwani mwangu kile kicheko cha kwenye kochi nikiweke kando yake nilinganishe. Sikuweza. Kilikuwepo, lakini hakikukaa sawasawa, kila nikikishika kinahama. Ningekuwa na ile picha ningeitoa. Ningeitoa pale pale, nikaificha nyuma ya kitanda, nikachungulia yeye, nikachungulia huku. Alikuwa anatujua kweli.

"Nimekaaje?" mama akauliza. Maneno yalitoka mazito, yakivuja upande mmoja.

"Umependeza, mama," kaka akayaambia machungwa.

"Sijakuuliza wewe. Nimemuuliza msusi."

Kazini kwangu hilo swali naulizwa kutwa, na jibu lake ni moja tu, ndilo linalonilisha. Nikafungua mdomo nilitoe, likagoma.

"Upande, mama," nikasema. "Umekaa upande kabisa. Unafanana na kaka siku ile alipotoka chini ya kiti."

Chungwa lilianguka, likabingirika mpaka kitanda cha pili. Kaka alinigeukia kama anayetaka kunizaba kofi. Na mama akaanza kutikisika mabega. Ulikuwa mlio ule ule, nilioujua kabla sijajua kutembea, ila usoni ulikuwa na mahali pamoja tu pa kutokea. Upande wa kulia ulipanda wote, wa kushoto ukabaki unangoja. Kichwa kikajaribu kwenda nyuma, mshono ukamuuma, akalia "aah," akaendelea kucheka. Machozi yalimtoka kwenye jicho lisilofumba, nami yalinitoka kwenye yote mawili, sikuyazuia.

Kamera ilikuwa ndani ya mkoba, mapajani. Mkono wangu haukuigusa.

"Mbona hupigi?" mama akasema.

"Nipige?"

"Unataka nikubembeleze?"

Niliitoa, nikaiinua usoni kwangu waziwazi, mbele yake. Hakubana midomo. Kidole hakikukumbuka nusu wala robo, kilikandamiza chote, kamera ikafikiri kwa uvivu wake, ikapiga huku mama bado anatikisika. Picha ikatoka na ukungu. Unaona mito, unaona bandeji, na katikati yake uso unaokwenda upande mmoja kama unaopeperushwa. Kaka akachungulia begani kwangu, akasema turudie, hii imeharibika, mama atulie kidogo.

Mama akasema hatulii, amechoka, na hiyo inamtosha. Ndiyo picha pekee tuliyo nayo ya mama anacheka.